Injini Nayo Hupumua: Mrija wa Hewa Baridi Katika Pikapu ya Mjomba

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu Mashariki

Mwaka huu mlezi wa chama chetu alitupa sharti moja: kila mwanachama aandike juu ya kazi aliyoiona kwa macho yake, aieleze kwa Kiswahili, na asikimbilie Kiingereza mara tu anapokwama. Wenzangu wamechagua upishi wa chapati, ususi na ufugaji wa sungura. Mimi nimechagua gari. Najua wako watakaocheka wakisema Kiswahili ni cha mashairi na barua rasmi tu, na kwamba injini haina Kiswahili. Hao nawaomba waende gereji yoyote ya jua kali, wasimame kando nusu saa, wasikilize ni lugha gani inayotumiwa na yule mtu ambaye miguu yake peke yake ndiyo inayoonekana chini ya gari.

Kifaa nitakachokieleza ni mrija wa hewa baridi. Huko Marekani wenye pikapu huupenda sana, nao huuzwa ukiwa seti kamili ndani ya katoni: filta, bomba, klipu na hata stika ya kubandika kwenye kioo. Siku hizi umefika hata kwetu. Jijini Nairobi, pale Kirinyaga Road ambapo maduka ya spea yamepangana bega kwa bega, muuzaji atakuambia unaongeza nguvu na kupunguza unywaji wa petroli. Je, ni kweli? Ukiniuliza mimi nitakujibu kwa swali: gari lako linavuta hewa kutoka wapi sasa hivi?

Tuanze na pumzi yenyewe. Wengi wetu tunajua kwamba gari hunywa petroli, lakini tunasahau kwamba hula hewa nyingi zaidi kuliko petroli. Ili petroli iungue vizuri, kila gramu moja yake huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Maana yake ni kwamba lita moja ya petroli, ambayo ina uzito wa robo tatu za kilo hivi, humezwa pamoja na karibu kilo 11 za hewa. Injini ya pikapu ninayoieleza ni ya silinda nne na ujazo wake ni lita 2.7. Injini ya aina hii huvuta pumzi moja kamili katika kila mizunguko miwili. Basi ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huku dereva amekanyaga mafuta hadi chini, inaweza kuvuta karibu lita 4,000 za hewa kwa dakika moja. Chukua yale mapipa ya maji ya lita 200 yaliyoko nyuma ya jikoni yetu, uyapange ishirini. Hayo yote, dakika moja!

Sasa hewa si kitu kimoja kila mahali. Tuliosoma sheria za gesi katika Kemia tunajua kwamba gesi ikipata joto hutanuka. Pipa la hewa ya moto lina hewa kidogo kuliko pipa la hewa baridi, ingawa ukiyatazama yote mawili yamejaa. Tuseme hewa ya nje ina nyuzi 27, na ile iliyo chini ya boneti ina nyuzi 57. Ongeza 273 juu ya kila moja kama tulivyofundishwa, upate 300 na 330. Gawanya 300 kwa 330, utapata karibu 0.91. Yaani injini inayovuta hewa ya chini ya boneti inapata asilimia 91 tu ya hewa ambayo ingepata kama ingevuta ya nje. Tisa imepotea bure. Na si hiyo tu. Hewa ya moto huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake ndani ya silinda, kile kitendo ambacho mafundi huita kugonga. Gari la kisasa likisikia mgongo huo hujichelewesha lenyewe kuwasha cheche ili lisijiumize, na hapo nguvu hupungua tena.

Mwalimu wa Fizikia akisoma hapa atataka kuniongezea kwamba hewa ya nje nayo hupata joto njiani, ndani ya bomba na karibu na silinda, kwa hiyo faida halisi ni ndogo kuliko ile ya karatasi. Nakubali kabisa.

Haya, pikapu. Mjomba wangu husomba nyanya kutoka mashamba ya Kimana, upande wa Loitokitok, hadi Nairobi. (Nyanya za kuliwa, jamani, si mama yake mama.) Karo yangu hutoka katika makreti hayo ya nyanya, kwa hiyo pikapu ile ikikohoa, mimi huku shuleni ndiye ninayepata homa. Ni Toyota Hilux ya petroli aliyoinunua ikiwa imetumika. Aliyekuwa nayo mbele yake alikuwa ameng'oa boksi la filta lililokuja na gari kutoka kiwandani, akatia badala yake filta nyekundu yenye umbo la koni, ikakaa wazi kando ya injini bila kifuniko wala kizuizi. Ilipendeza macho kweli kweli. Na mngurumo wake ulisikika vizuri.

Shida ilikuwa moja. Asubuhi pikapu ilikwenda kama swara. Mchana, ikiwa imebeba mzigo na inapanda mlima polepole, ilichoka kama punda aliyenyimwa maji. Mjomba alikuwa amebadilisha plagi, akasafisha tangi, akalaumu petroli ya kila kituo kuanzia Emali. Kisha muuzaji mmoja wa spea akamwambia kuna seti ya mrija wa hewa baridi itakayomwongezea nguvu za farasi ishirini. Bei yake sitaitaja hapa, lakini ilikuwa inakaribia sana ile ya karo ya muhula. Nilipofika nyumbani likizoni mjomba akaniita kando.

"Mpwa wangu, wewe ndiwe unasoma hizi sayansi. Huyu mtu ananiuzia farasi ama ananiuzia maneno?"

Hilo ndilo swali lililonifanya niingie chini ya boneti, na ndilo linalonifanya niandike makala haya, kwa maana wako wengi ambao wameuziwa maneno.

Jambo la kwanza tulilolitazama na fundi wake ni mahali ambapo filta ile ilikuwa imekaa. Ilikuwa nyuma ya rejeta. Feni ya gari huvuta upepo kupitia rejeta, upepo unachukua joto la maji ya injini, kisha unatupwa nyuma, yaani juu ya filta. Gari likikimbia barabarani, upepo mwingi huingia na kupoza chini ya boneti, na ndiyo sababu asubuhi kwenye tambarare hapakuwa na neno. Lakini likipanda polepole na mzigo wa nyanya saa nane mchana, upepo wa kuingia ni kidogo na joto ni jingi. Hapo ndipo filta iliyo wazi inakunywa moto mtupu. Kwa hiyo tatizo la mjomba halikuwa kwamba gari halina mrija wa kisasa. Lilikuwa kwamba mtu aliondoa mrija mzuri akaweka pambo.

Maana hapa kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Pikapu nyingi za miaka hii hutoka kiwandani zikiwa tayari na mrija wa hewa baridi! Ukifuata bomba kutoka kwenye boksi la filta utaona mdomo wake umeelekea ndani ya madigadi au nyuma ya grili, unavuta hewa ya nje. Waliounda gari si wajinga. Mwenye boksi lake la asili, likiwa zima na filta yake safi, akinunua seti ya bei ghali atapata sauti nzuri na nguvu kidogo sana. Farasi ishirini? Labda punda mmoja.

Tena kuna jambo la kimo. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake. Katika kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, na hakuna bomba duniani, liwe la alumini au la plastiki, linaloweza kurudisha hewa ambayo haipo. (Turbo ninayoisema ni ile feni ya kusukumiza hewa ndani ya injini, si ule mji ulio njiani kutoka Eldoret kwenda Webuye.) Dereva anayetoka Pwani akiona gari limekuwa zito huku juu, asikimbilie duka la spea.

Kwa mjomba basi ushauri ulikuwa huu: boksi la asili likipatikana, alirudishe. Tulilitafuta siku mbili. Yaliyopatikana yalikuwa yamepasuka au yalikuwa ya injini nyingine. Hapo ndipo ile seti ilipopata maana, lakini si ile ya koni iliyo wazi. Tulichagua yenye boksi lililofunikwa, lenye mdomo wa kuelekezwa mbele nyuma ya grili, na bomba lenye upana sawasawa na lile la zamani.

Huo upana ni jambo kubwa, na nitasimama hapo kidogo. Katika bomba la hewa la gari la kisasa kuna kifaa kidogo kama kidole, kinaitwa sensa ya hewa. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, kama vile unavyopuliza chai. Kompyuta ya gari huongeza umeme ili waya ubaki na joto lake, na kwa kupima umeme huo inajua hewa iliyopita ni kiasi gani, ndipo inaamua petroli ya kutia. Sasa ukiweka bomba pana zaidi, hewa ile ile itapita polepole mbele ya waya, kama mto unaofika kwenye bonde pana. Waya utapozwa kidogo. Kompyuta itadhani hewa ni chache, itie petroli pungufu, na injini itakwenda ikiwa na njaa. Muuzaji atakwambia, "Bomba kubwa, hewa mingi!" Mwulize sensa inakaa wapi na upana wa hapo ni nchi ngapi. Akikosa jibu, mpungie mkono uende zako.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumamosi moja ya likizo, tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu. Fundi mwenye uzoefu angemaliza kwa saa moja, lakini huyu wetu alikuwa anafundisha huku anafanya, na mimi nilikuwa nashika spana na kuuliza maswali.

Pikapu iliegeshwa mahali palipo sawa, ikaachwa ipoe kabisa. Nilipotaka kufungua klipu ya kwanza fundi akanizuia: "Kijana, ngoja. Betri kwanza." Akafungua waya wa hasi kwenye betri. Sababu ni mbili. Moja, bisibisi ikiteleza isije ikaunguza kitu. Pili, kompyuta ya gari huwa imejizoesha na hewa ya zamani. Ikikatiwa umeme husahau baadhi ya mazoea yake na kuanza kujifunza upya. Mwenye redio yenye namba ya siri aijue namba hiyo kabla ya kufungua betri, la sivyo atasafiri akiimba mwenyewe.

Kisha tukachomoa soketi ya waya za sensa. Huna haja ya kuvuta waya. Kuna ulimi mdogo wa plastiki, unaufinya, soketi inatoka yenyewe. Tukalegeza klipu mbili za skrubu, zile ambazo mafundi huziita jubilii, tukatoa na ule mpira mwembamba unaorudisha mvuke kutoka kwenye kifuniko cha injini. Koni ikatoka pamoja na bomba lake. Bolti zilizobaki zilikuwa za spana namba kumi. Katika gereji ile kulikuwa na spana za kila namba isipokuwa namba kumi. Ikabidi niende kuazima kwa jirani, naye akaniambia nikiipoteza nisirudi.

Mara tu bomba lilipotoka, fundi alifunika mlango wa hewa wa injini kwa kitambaa safi. Hatua hii ni fupi kuandika lakini nawasihi msiiruke. Mlango ule ukiwa wazi ni koo la injini. Nati moja ikitumbukia humo, au hata kipande cha karatasi, utalipa zaidi ya bei ya mrija.

Tukaitoa sensa kutoka bomba la zamani kwa skrubu mbili. Hapa mikono iwe safi na mtu asiuguse ule waya wa ndani, wala asiupulize kwa pampu ya gereji, kwa maana ni mwembamba na hukatika. Sensa ina mshale unaoonyesha hewa inaelekea wapi. Mshale lazima uelekee injini. Ina pia pete ndogo ya mpira ya kuziba. Nayo ihamie kwenye bomba jipya, isibaki mezani.

Boksi jipya lilikaa mahali pa lile la asili, kwenye raba tatu za kuzuia mtetemo. Mdomo wake tukauelekeza mbele, kando ya rejeta, mahali ambapo hewa haijapita kwenye joto. Tulihakikisha hautazami chini barabarani. Sababu nitaisema baadaye. Ndipo bomba likaingizwa. Kanuni ya fundi ilikuwa kwamba klipu zote zikazwe kidogo tu kwanza, bomba lizungushwe mpaka likae bila kugusa chochote, halafu ndipo zikazwe moja baada ya nyingine. Ukikaza ya kwanza kabisa kabla ya kuitia ya pili, bomba litakaa limepinda na mpira wake utapasuka mapema. Tena ukumbuke injini hutikisika inapowashwa na inapopanda, lakini mwili wa gari hautikisiki nayo. Bomba likibanwa kati ya hivyo viwili bila nafasi, litasagika. Fundi alipitisha vidole vyake pande zote: upande wa feni, upande wa mipira ya rejeta, na juu. Kisha akaweka donge la udongo laini juu ya bomba, akashusha boneti taratibu, akaifungua tena. Udongo ulikuwa haujabonyea. Boneti haigusi. Nilipenda sana ujanja huo, na wala haukugharimu hata shilingi.

Tulirudisha mpira wa mvuke, soketi ya sensa, na mwisho kabisa waya wa betri. Pikapu ikawashwa. Ikanguruma juu kidogo kwa sekunde chache, kisha ikatulia. Fundi hakukimbilia kuendesha. Aliinama akasikiliza kila kiungo kimoja kimoja, kwa maana hewa inayoingia mahali pasipostahili hupiga mluzi. Pia alitazama dashibodi kama taa ya injini imewaka. Haikuwaka.

Je, farasi walikuja? Jumatatu mjomba alipakia makreti yake, akaondoka mchana kwa makusudi ili ajaribu. Jioni akapiga simu. Alisema mlima ambao alikuwa anaupanda kwa gia ya pili sasa ameupanda kwa ya tatu, na gari halikuchoka. Namwamini, lakini sitasema pikapu imepata nguvu mpya. Nasema imerudishiwa zile iliyokuwa imenyang'anywa. Na ningependa muangalie jambo lingine: seti nyingi hizi hubadilisha sauti ya injini, na sikio humdanganya dereva. Gari likinguruma zaidi unadhani limeongeza mbio. Anayetaka ukweli achukue mlima ule ule, mzigo ule ule, saa ile ile, na atazame saa ya mkononi badala ya kusikiliza.

Nguvu zenyewe kwangu si jambo kubwa. Jambo kubwa ni vumbi. Barabara za kuingilia mashambani kule hazina lami, na kiangazi gari la mbele likipita huoni hata mkono wako. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga. Zikipita filta zinaingia kwenye silinda na kusugua pistoni na kuta zake kama msasa. Halioni mtu leo wala kesho. Baada ya miezi kadhaa gari linaanza kula oili, moshi wa buluu unatoka kwenye ekzosi, na mwenye gari anaambiwa injini ifunguliwe. Pale ndipo karo za watoto zinakokwisha.

Tulipotoa lile bomba la zamani, mjomba alipitisha leso nyeupe ndani yake, upande ule ulio kati ya filta na injini. Ilitoka na rangi ya udongo wa Kajiado. Koni ile haikuwa imekazwa vizuri kwenye shingo ya bomba, na vumbi lilikuwa linapita pembeni bila kupiga hodi. Tangu siku hiyo nimewafundisha watu wengi kijijini jaribio hili la leso. Halihitaji mashine. Upande wa nje wa filta uwe mchafu utakavyo; upande wa ndani lazima leso itoke jinsi ilivyoingia. Baada ya kufunga mrija mpya, klipu zikaguliwe tena gari likishakwenda kilomita mia moja hivi, kwa sababu mpira hukaa vizuri ukishapata joto na klipu hulegea.

Filta za kuosha, zile za pamba, zina masharti yake. Huoshwa kwa sabuni na maji ya kutiririka kutoka ndani kwenda nje, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa mafuta yake maalumu kidogo kidogo. Anayedhani mafuta mengi ni kinga nyingi atashangaa: yanayozidi husafiri na hewa hadi kwenye waya wa sensa, waya unavaa koti la mafuta, na kompyuta inapewa habari za uongo. Kwa mtu anayepita vumbi kila siku mimi napendelea filta ya karatasi ya kawaida. Hiyo haioshwi. Ikijaa hubadilishwa, basi.

Nimeahidi kusema kwa nini mdomo wa mrija usitazame chini. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Injini ikivuta maji mengi, pistoni inapanda kuyabana, yanakataa, na ule mkono wa chuma unaoishika pistoni unapinda au kuvunjika. Ni sekunde moja tu. Baadhi ya seti za Marekani hushusha filta chini karibu na bampa ili ipate hewa baridi zaidi. Kwao huenda inafaa. Kwetu, aliyeziona barabara katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hawezi kuifunga katika gari la kazi. Magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990 yalifanya kinyume: mrija ulipandishwa kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili yavuke mito na kukwepa vumbi zito la chini. Mrija kama huo mmeuona kwenye magari ya watalii na ya askari wa wanyamapori. Hata hivyo unafaa tu ikiwa viungo vyake vyote vimezibwa hadi kwenye injini, na haumpi dereva ruhusa ya kuingia mtoni asikokujua, kwa maana mto hausombi injini peke yake.

Wenye pikapu za dizeli zenye turbo wataniuliza yao. Turbo ikibana hewa huitia joto jingi, ndiyo maana nyingi zina rejeta ya pili ya kupoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda. Kwao rejeta hiyo ikiwa imejaa matope na wadudu, waioshe kwanza kabla ya kufikiria kununua mrija wowote. Habari ya vumbi kwao ni kali zaidi, kwa sababu mapanga ya turbo yanazunguka kwa kasi mno na chembe ndogo inayapiga kama risasi.

Likizo hii ukifika nyumbani, omba ruhusa kwa mwenye gari, ufungue boneti injini ikiwa imepoa. Weka kidole kwenye bomba linaloingia katika injini, ulifuate kurudi nyuma, upite kwenye sensa, kwenye boksi la filta, hadi mdomoni. Ukiona mwanga wa nje kupitia grili au ndani ya madigadi, funga boneti ukanywe chai. Ukikuta mdomo huo unatazama injini yenyewe, au kiungo kinachezacheza mkononi mwako, mwite mzee aje aone, na umwambie aje na leso nyeupe.